Rangi ya waja leo, waondoka leo

Ukuta wa mbele wa nyumba yetu, hapa Ngamiani, nimeupaka rangi mara tatu ndani ya miaka sita. Jirani alikuwa akinitania kwamba rangi yangu ni ya Tanga kweli: waja leo, waondoka leo.

Mara ya pili ndiyo iliyoniuma. Fundi alishauri rangi ya mafuta: "Hii maji hayapenyi, mama." Kweli hayakupenya, ila yale yaliyokuwa tayari ukutani yalikosa pa kutokea. Masika yalipoisha, malengelenge yakajaa kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Ukilipasua moja, unga mweupe unamwagika. Niliuonja, msinicheke. Chumvi.

Upepo wa bahari unaleta yake, lakini nyingine tunaijenga wenyewe: mchanga wa ufukweni, maji ya kisima yenye chumvi, msingi usiowekwa nailoni ya kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, jua likiyakausha chumvi inabaki na kuibandua rangi. Hata ununue ndoo ya bei gani.

Kwa hiyo mara ya tatu nilianza na bomba la mvua lililopasuka, lililokuwa likimwaga maji palepale mguuni mwa ukuta. Kisha tukakwangua. Unga wa chumvi ufagie mkavu kwa brashi ngumu. Ukiumwagia maji unayeyuka na kurudi ndani. Sisi tulifagia, ukatoka tena, tukafagia tena.

Upande wa mwembe, wenye kivuli, kulikuwa na kuvu weusi. Kikombe kimoja cha jiki kwa vitatu vya maji, dakika 15, sugua, suuza kwa maji ya bomba. Vaa glavu, na usithubutu kuchanganya jiki na dawa ya choo. Mvuke wake ni sumu. Plasta iliyooza tuliibomoa, mpya tukaiacha wiki nne. Fundi akikuletea unga wa jipsamu azibie nyufa za nje, mrudishe nao: huo ni wa ndani, ukilowa unalainika.

Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ulale. Asubuhi ukikuta matone upande wa ukutani, subiri.

Tulipaka Februari, wakati wa kaskazi, tukifuata kivuli ili rangi isikauke kabla ya kutandazwa. Andakoti ya nje, yaani rangi ya kwanza ya chini, halafu rangi ya maji ya nje mara mbili. (Nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, kama ya bibi yangu kule Pangani, ipake chokaa. Saruji itaufungia unyevu ndani.)

Masika mawili yamepita. Ni pale tu chini ya bomba la uani ndipo unga umeanza kutoka tena. Bomba linavuja. Fundi wake amesema anakuja Jumamosi, na hii ni Jumamosi ya tatu.