Jianike wewe kwanza

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi. Ameandika skripti ya filamu, hajalipwa, sasa anataka kutunga riwaya ya kejeli "awaanike wote". Nilicheka, kisha nikanyamaza. Riwaya ya aina hiyo ninayo, na imenila miaka minne.

Kisa changu kilianza na hadithi ya mjane wa mvuvi wa Kunduchi. Nilimsimulia prodyuza ndani ya gari lake, foleni ya Magomeni, tukielekea Kariakoo kwa msambazaji. Sikuwa nimeandika hata ukurasa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 hailindi wazo, inalinda ulichokiandika. Andika kwanza, dada yangu, ndipo uongee.

Akaniambia nimwandikie skripti. Siku ya kurekodi, mjane wangu anaishi kwenye ghorofa Mbezi Beach, eti nyumba imepatikana bure. Wavu wa marehemu wameutundika sebuleni juu ya televisheni, kama pambo. Staa wetu kagoma kuvaa kanga iliyopauka, akalia msiba na kope za bandia. Nami nikasema nini? "Iko poa, bosi."

Nilitangulizwa shilingi 150,000, zilizobaki nazisubiri mpaka leo. DVD ilipotoka, jina la prodyuza liko kwenye kasha mara tano: hadithi yake, skripti yake, kila kitu chake. Mama aliyetupikia wali kashukuriwa. Mimi simo. (Wali ulikuwa mtamu, simnyimi haki yake.)

Rasimu ya kwanza ya riwaya niliiandika kwa hasira. Rafiki yangu akaisoma, akasema, "Hapa hakuna kejeli, kuna mtu analia." Nilimnunia wiki mbili. Lakini kweli, prodyuza alikuwa shetani kila ukurasa na mwandishi malaika, nani acheke? Nikaanza upya. Safari hii mjinga namba moja akawa mwandishi, yule wa "iko poa, bosi", anayepiga picha na staa na kuwarushia mashemeji. Hapo hata ule wavu ukachekesha wenyewe.

Basi dada, anza na ujinga wako. Prodyuza usimtaje, mchanganye na wengine watatu asijijue. Na andika kwanza! Narudia kwa sababu vijana hamsikii, mnawahi kupiga picha na mastaa kabla ya kusaini karatasi.

Kasha la ile DVD bado ninalo. Nimelisoma tena leo asubuhi, pengine niliruka mstari. Sikuruka.