Kwa nini SPSS haitoi jedwali la KMO
Ndugu, umeuliza kwa nini SPSS, programu ya takwimu, haikupi jedwali la KMO na jaribio la Bartlett, yaani vipimo vya kama data inafaa kwa uchanganuzi wa vipengele (kutafuta mambo machache yaliyo nyuma ya maswali mengi). Huacha kulitoa pale ambapo matriksi ya korelesheni (jedwali la uhusiano wa kila swali na jingine) haiwezi kugeuzwa, yaani haina kinyume, na katika hojaji yako ya kaya za Kadutu na Ibanda, hapa Bukavu, sababu inaonekana kwenye orodha ya vigeu uliyoiweka: safu ya jumla ya alama imeingizwa pamoja na maswali yaleyale 12 yaliyojumlishwa kuipata. Kigeu ambacho ni jumla kamili ya vingine hakileti habari mpya, hivyo detaminanti (namba inayoonyesha kama matriksi ina kinyume) inakuwa sifuri na KMO, ambayo huhitaji kinyume cha matriksi, haikokotoleki. Iondoe safu hiyo, kisha urudie. Kwamba uchanganuzi wa vijenzi vikuu (PCA, njia ya kufupisha maswali mengi) bado unatoa majedwali yake si ushahidi kuwa data ni salama, kwa sababu njia hiyo haihitaji kinyume hicho.

Jedwali likiendelea kukosekana, tazama namna majibu yaliyokosekana yanavyoshughulikiwa: ukiyaondoa kwa jozi (pairwise), kila korelesheni hukokotolewa kwa kundi tofauti la wahojiwa, na matriksi inaweza kuharibika hata maswali yenyewe yakiwa mazuri. Nawasaidia wanafunzi wa tasnifu hapa Bukavu, na mara nyingi nakuta "sijui" imeandikwa 99 bila kutangazwa kuwa jibu lililokosekana. Hilo halizuii KMO kutokea, lakini hupotosha korelesheni za maswali yenye 99 hiyo, kwa hiyo lisahihishe kabla ya kutafsiri kipengele chochote.