Kuhusu kuweka injini ya Toyota 1KZ-TE (dizeli) kwenye Land Rover 109 ya mzee

Mkuu umeuliza kama inawezekana, unaweza, ila kama kazi unafanyia nyumbani hapo Uyole mi nakushauri achana na hiyo 1KZ-TE, pampu yake ni ya umeme inataka kontroli boksi (kompyuta ya injini) na waya zake zote, ukiuziwa nusu umeliwa. Tafuta 3L, nayo ya Toyota, dizeli ya lita 2.8 haina taabu haina kompyuta, na vakyumu pampu (ya kufyonza hewa) inakuja nayo nyuma ya olteneta kwa hiyo busta ya breki, ile inayofanya pedali iwe nyepesi, unaifunga hapohapo.

Pasua kichwa ni kuunganisha na gia boksi ya Landi. Ile pleti ya chuma ya katikati ya injini na gia boksi ikachongwe kwa fundi wa mashine ya leti, usikubali ya kukata na gesi, yangu ilikosea kidogo tu kama unene wa ukucha nikala bearing ya input shafti na klachi ndani ya miezi miwili 😅 Shafti za nyuma za Landi nazo ni laini, usiondoke kwa fujo.

Breki kwanza lakini kabla hujaisikia injini, mteremko wa Kitonga haujui gari la urithi. Alafu namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, pita TRA wabadilishe.