Fundi wa Kompyuta Anajibu: Revit inaburuza kwenye MacBook

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Morogoro. Nimenunua MacBook Pro ya mtumba, ya inchi 15 ya mwaka 2017, nikaiwekea Windows 10 kwa sababu Revit, programu ninayochorea majengo, haina toleo la Mac. Sasa mwanga wa kioo haupungui, ukubwa wa picha haubadiliki, na nikizungusha jengo la ghorofa mbili tu linaruka-ruka. Nilishusha draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha) kwenye tovuti ya AMD, waliotengeneza kadi hiyo, ikagoma kuingia, eti haioni kadi. Je, kadi imekufa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Haijafa, mdogo wangu. Ingekuwa mbovu, hata ukiwa kwenye macOS, mfumo wa Apple wenyewe, ungeona mistari au kioo kuzima chenyewe. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, angalia chini ya Display adapters. Nadhani utakuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo ni draiva ya kushikiza tu, ya kukuwezesha kuona kioo. Kazi ya Revit haiiwezi.

Draiva uliyoshusha imegoma kwa sababu ni ya kompyuta za kawaida. Kadi ya Apple ina namba yake ya utambulisho, na isipokuwemo kwenye orodha ya draiva, haipokelewi. Watu wengi hupoteza bando hapo, wakishusha toleo moja baada ya jingine.

Rudi macOS. Fungua Boot Camp Assistant, programu ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, halafu kwenye menyu ya juu bofya Action, kisha Download Windows Support Software. Hifadhi kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT. Ni mzigo mkubwa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya kueleweka. Ukiingia Windows, fungua folda ya BootCamp iliyo kwenye flashi, bofya Setup, na ukiulizwa chagua Repair. Zima na uwashe. Device Manager sasa itataja Radeon Pro 555 au 560, na mwanga wa kioo utatii.

Baada ya hapo, ukitaka toleo jipya zaidi, AMD wana draiva zao maalumu za Boot Camp. Chukua hizo tu. Na siku Windows ikijisasisha halafu kioo kikaanza vituko, nenda kwenye Properties za kadi, sehemu ya Driver, ubofye Roll Back Driver.

Jambo jingine litakalokushtua ni joto. Laptopu yako ina kadi mbili, ya Intel na ya AMD. macOS hubadilishana nazo kulingana na kazi, lakini ukiwasha Windows ya Intel hulazwa, ya AMD ikabeba kila kitu, hata kuandika barua. Betri itakwisha haraka na feni zitapiga kelele. Usihangaike kutafuta draiva ya Intel. Kaa karibu na soketi.

Wasomaji wenye Mac za chipu ya Apple yenyewe, M1 na kuendelea, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, haya hayawahusu. Kwao Boot Camp haipo kabisa.

Ukimaliza, ingia Options za Revit uhakikishe Use Hardware Acceleration imewekewa tiki, ndipo ulizungushe tena jengo lako.