Unataka Shule ya Kiangazi Korea? Nisikilize Kwanza

Wiki iliyopita binti wa mwaka wa pili aliniandikia: "Dada shikamoo. Nimeona picha zako za Seoul. Na mimi natamani ile programu ya utamaduni wa Korea. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wa namna hii napata mwingi, na karibu wote unaanzia palepale: picha. Nimevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, lango la kasri liko nyuma yangu, meno yote nje. Najua mnachokitaka kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi. Mmekesha na tamthilia zilizotafsiriwa, mmejua kusalimia Kikorea kabla hamjajua ubalozi wao uko mtaa gani. Siwacheki. Leo naandika mara moja, ili atakayeniuliza kesho nimpe hii.

Vyuo vikubwa vya Seoul, kina Yonsei, Ewha, Korea University, Sungkyunkwan, vina shule ya kiangazi kwa wanafunzi wa kigeni. Ni wiki chache kati ya mwisho wa Juni na Agosti. Unasoma darasani historia, lugha, siasa za rasi ile, filamu. Muda mwingine unatembezwa kwenye makasri, unafundishwa taekwondo, unatengeneza kimchi, ile kabichi yao ya pilipili, unapiga ngoma za samulnori, na kuna ziara ya mpaka wa kaskazini. Ada ni yake, bweni ni lake, nauli ni yake, tumbo ni lako. Ila chuo chako kikiwa na mkataba na chuo cha kule, ada huweza kupunguzwa au kufutwa kabisa. Kwa hiyo usianzie kwenye mtandao. Anzia ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, uliza orodha ya vyuo washirika. Wengi hawajui hata mlango wa ofisi hiyo uko wapi.

Mimi ada nilifutiwa. Nauli ndiyo ilinitoa jasho. Tulifungua kundi la mchango WhatsApp, kama la harusi, na nikajionea mwenyewe: watu walewale wanaotoa laki kwa ajili ya keki na ukumbi, wakiambiwa ni masomo wanatuma emoji ya kuomba dua. Shangazi yangu alichanga, lakini kwa sharti kwamba nisile mbwa. Nikamwambia bunge lao limeshapitisha sheria mwaka 2024 ya kupiga marufuku biashara hiyo, itaanza kutumika kikamilifu 2027. Akasema, "Kwa hiyo bado." Sikuwa na jibu.

Kilichoniuma hasa ni barua ya mapendekezo. Mhadhiri mmoja, jina lake namwachia Mungu, aliniambia mbele ya wenzangu kwamba yeye hasaini safari za utalii, halafu akauliza mtoto wa Kiislamu wa Tanga anakwenda kutafuta nini Korea. Wenzangu walicheka. Baadhi yao leo wananifuata wakitaka niwaelekeze, na nawaelekeza, lakini kile kicheko bado nakisikia. Barua aliniandikia mwalimu mwingine, wa historia, jioni ileile, kwa kurasa mbili. Basi nikuambie, mdogo wangu: usimwendee mwenye cheo, mwendee anayekujua. Na akikukatalia mtu, usikae mlangoni kwake kumbembeleza. Mlango haukuumbwa mmoja.

Safari yenyewe sina cha kusimulia. Addis Ababa, Incheon, foleni, usingizi.

Nguo, hili nawaambia kila mara: msibebe majaketi. Julai ya Seoul ni joto na unyevu kama Dar ya Februari, na mvua za masika yao ndiyo zinamwagika. Beba mwavuli na viatu vinavyokauka haraka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Programu hizi zinakupa utamaduni kwa vipande vidogo vidogo: unavishwa aproni, unapaka kabichi pilipili, unapigwa picha, basi linakungoja nje. Hanbok za kukodi karibu na kasri la Gyeongbokgung nyingi ni za poliesta, na faida yake kubwa ni kwamba ukivaa unaingia bure. (Jumanne wanafunga, usijichoshe.) Ukirudi na hayo tu, yule mhadhiri wangu alikuwa na haki kuita utalii, na sitaki awe na haki.

Darasani tuligawanywa katika vikundi vya kuandaa mada ya mwisho. Kikundi changu walikuwa wameshagawana kazi kabla sijavuta kiti. Mimi nikapewa kubonyeza slaidi. Kubonyeza! Hakuna aliyeniuliza nasomea nini. Nilinyamaza siku hiyo, nikaenda chumbani nikasoma.

Siku zilizofuata tukafundishwa habari za lile kasri la Gyeongbokgung. Lilijengwa 1395, likaungua wakati wa uvamizi wa Wajapani mwaka 1592, likabaki magofu kwa zaidi ya miaka 250 hadi lilipojengwa upya katika miaka ya 1860. Kisha Japani ikaitwaa Korea mwaka 1910, ikabomoa sehemu kubwa ya majengo yake, na mbele ya ukumbi wa mfalme ikasimamisha jengo la mawe la gavana mkuu, lililokamilika 1926. Profesa akatuonyesha picha: mfalme angetoka nje, angekutana na mgongo wa jengo la mtawala. Baada ya uhuru Wakorea wenyewe walilitumia kwa shughuli za serikali, na kuanzia 1986 likawa Makumbusho ya Taifa. Kisha Agosti 15, 1995, miaka 50 tangu ukombozi, wakaanza kulibomoa. Vipande vyake vipo mji wa Cheonan, kwenye makumbusho ya Jumba la Uhuru, wamevilaza chini kwa makusudi.

Kijana mmoja wa Ulaya akasema kubomoa ni kufuta historia. Mwingine akasema lingehamishwa. Hapo nikanyoosha mkono.

Nikasema: kwetu Dar es Salaam gavana wa Kijerumani alikuwa na kasri lake ufukweni. Waingereza wakalipiga mizinga 1914, kisha 1922 wakajenga lao juu ya misingi ileile, na hilo ndilo Ikulu ya Dar mpaka leo. Ninyi mlibomoa, sisi tukahamia. Sioni kama sisi tulisahau, na sioni kama ninyi mlifuta. Ila ningependa kujua, hiyo miaka mliyokuwa mnalitumia, Wakorea wa kawaida walikuwa wanapita pale wakihisi nini?

Profesa akafunga kompyuta yake. Akatusimulia jinsi watu walivyobishana kwa miaka kabla ya uamuzi, wapo waliosema libaki kama ushahidi, wapo waliosema hawawezi kupumua nalo. Wanafunzi wa Kikorea waliokuwa wanatusindikiza, ambao kila siku kazi yao ilikuwa kutuhesabu kwenye basi, wakaanza kusema kuhusu babu zao. Kipindi kikaisha hatujafika kwenye slaidi iliyofuata. Siku ya mada ya mwisho, wa kusimama mbele nilikuwa mimi, na nilipata A. Sijigambi. Au tuseme najigamba kidogo, nimestahili.

Kwa hiyo, soma historia ya kwenu kabla hujafungasha. Mwenzako anakuja na pesa, mwingine anakuja na Kiingereza cha puani. Wewe njoo na kitu cha kuuliza. Mwenye swali hawezi kupewa kazi ya kubonyeza. Vijana wetu tunajua majina ya waimbaji wote wa Seoul, lakini ukiulizwa Ikulu ilijengwa lini unatazama dari. Tubadilike.

Jifunze na Hangul, maandishi ya Kikorea, kabla ya kuondoka. Herufi za msingi leo ni 24. Mfalme Sejong aliyatunga maandishi hayo 1443 na kuyatangaza 1446 kwa sababu maandishi ya Kichina yalikuwa mzigo kwa mtu wa kawaida. Siku chache za kutulia zinatosha kuanza kusoma vibao. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, akiongeza nukta zake mwenyewe pale herufi zilipokosa sauti ya *p* au *ch*, kwa hiyo mimi lile wazo la mfalme lilinigusa zaidi kuliko makasri yote.

Kuhusu dini, wasichana wa hijabu mnaniuliza sana. Msikiti Mkuu wa Seoul uko Itaewon tangu 1976, na mitaa ya kuuzunguka ina chakula halali. Wenzako watatoka jioni kunywa. Nenda, kaa na soda yako, mimina kwa mikono miwili, hakuna atakayekulazimisha ukikataa kwa tabasamu. Watakuuliza umri mapema ili wajue wakuheshimu vipi. Sisi wa shikamoo hatushangai.

La mwisho ni krediti, na hapa naomba muwe wakali kuliko nilivyokuwa na uwezo wa kuwa. Kabla ya kukata tiketi, pata karatasi yenye sahihi na muhuri kutoka idara yako inayosema kozi zipi za kule zitahesabiwa huku, na kwa krediti ngapi. Ahadi ya mdomo haihesabiki, hata ikitoka kwa mtu mwema. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, niliomba iandikwe nikaambiwa "nenda tu, tutamaliza ukirudi." Nimerudi. Cheti cha Seoul kina A, cha hapa nyumbani bado kina nafasi tupu, faili linasemekana liko mezani kwa mtu ambaye yuko likizo. Jana nimepeleka barua nyingine, na safari hii nimedai kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.