Hili neno "sanction" lilinilia siku ya likizo

Jamani neno la Kiingereza "sanction" lisije likakupeleka puta kama mimi. Naanza kazi kwenye kampuni moja, bosi katokea India, nikaomba likizo siku tano nikamuuguze mama Korogwe, sasa Ijumaa jioni nimebanwa kwenye daladala meseji ikaingia, "Your leave has been sanctioned." Mimi sanction naijua ya kwenye redio, Iran imewekewa, Zimbabwe imewekewa, yaani vikwazo! Nikajua nimenyimwa na barua ya onyo iko njiani, nikampigia mama nikamwambia siji. Jumatatu saa mbili niko mezani, dada wa HR ananishangaa, "we si uko likizo?" Siku moja ikawa imeliwa hivyo.

Ndo nikaanza kulichimba. Mzizi wake ni Kilatini, sancire, kulifanya jambo liwe takatifu, lisiguswe. Humohumo katoka sanctus, mtakatifu, ndo hao kina San na Santa unaowaona kwenye majina ya miji. Sasa Warumi wakitunga sheria walikuwa wanaweka kipengele kinaitwa sanctio, kinasema atakayeivunja atafanywa nini. Utamu uko hapo, kupitisha jambo na kumwadhibu anayelivunja vyote vimetoka tumbo moja. Mwaka 1713 Kaisari Karl VI wa kule Austria alitoa amri inayoitwa Pragmatic Sanction ili binti aweze kurithi utawala wake, hiyo ni amri tu, hakuna aliyewekewa kikwazo. Halafu 1935 Italia ikaivamia Ethiopia, Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, likaiwekea Italia sanctions (mafuta wakayaacha yaendelee kuuzwa, we acha tu), na maana hiyo ndo tuliyoizoea kwenye taarifa ya habari.

Kwa hiyo ukikutana nalo angalia limeshikwa na nini. Likizo, mkopo au bajeti ikiwa sanctioned basi imepita, na kwa Wahindi ni kawaida kabisa, hata barua ya benki ya kukubaliwa mkopo wanaiita sanction letter. Ila mtu au nchi ikiwa sanctioned hapo kabanwa, na ukiliona kwa wingi, sanctions, mara nyingi ni vikwazo. Wewe mwenyewe ukiandika imeili achana nalo, andika approved watu waelewe. Na muulize aliyekuandikia, mimi ningemjibu tu "bosi, ni ndiyo au hapana?" Jumamosi mchana ningekuwa nimeshashuka stendi ya Korogwe.