Barua kwa mwanangu: fundi asubiri kwanza

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako. Nashukuru Mungu upepo umeishia kwenye paa na nyinyi mko salama. Umeniuliza kama fundi aanze kesho kuezeka upya, bima irudishe pesa baadaye. Asianze. Afunike turubai tu, baada ya wewe kupiga picha.

Turubai halikwepeki. Mvua ikinyesha tena na dari likaoza wakati ulikuwa na uwezo wa kuzuia, kampuni itasema hasara hiyo ni yako. Tunza risiti, gharama hiyo nayo huingizwa kwenye madai. Toa taarifa leo hii, maana mikataba huweka muda, na uandike jina la uliyeongea naye pamoja na namba ya dai.

Ugomvi wa madai ya paa huwa ni mmoja: ni dhoruba au ni uchakavu? Kwa hiyo picha ya paa zima haitoshi. Sogea karibu na pale bati lilipochanika kwenye msumari. Mpasuko mpya unang'aa. Wa zamani una kutu hadi ukingoni. Hata dari husema: doa lenye miduara ya kahawia, mmoja ndani ya mwingine, ni la mvua nyingi zilizopita, na mkadiriaji wa hasara, yule anayetumwa na bima kukagua, atalitambua. Kama lipo, usilifiche.

Mimi nilikosea hapo. Mabati yaliyong'oka niliyauza chakavu siku ya pili, nikadhani nafanya usafi. Mkadiriaji alipofika alikuta paa jipya linametameta na mimi nina maneno matupu. Nililipwa kidogo sana, na kusema kweli sikuwa na la kumjibu. Wewe yapange pembeni mpaka ayaone.

Akija, uwepo, na fundi wako awepo na makadirio yake ya maandishi, kila kitu na bei yake: mabati, kofia za juu ya paa, mbao za kenchi, ufundi. Usitegemee kulipwa yote. Kuna kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe, na mikataba mingine hupunguza malipo kwa sababu ya uchakavu wa paa. Angalia pia nyumba ulikatia bima ya thamani gani. Ukiikatia nusu ya thamani yake, wanaweza kukulipa nusu ya hasara.

Huyo fundi akikwambia ataongeza bei kidogo ili kile kiasi chako kifidiwe humo humo, mwache. Huo ni udanganyifu, na dai zima linaweza kufutwa.

Wakikuletea karatasi ya malipo ya mwisho, usisaini kabla fundi hajafunua na kukagua mbao za chini. Ukishasaini, kenchi iliyovunjika ikigunduliwa baadaye inaweza kuwa juu yako.

Picha nitumie nizione kabla hujazipeleka. Na baba yako anasema usipande mwenyewe, bati likilowa linateleza.

Mama